Kopo la Chenji

Kwa karibu miaka yote niliyosimamia duka la vyakula ukingoni mwa Mji Mkongwe, sikumlipa mshahara hata kijana mmoja katika wale waliokuwa wakitia bidhaa za wateja mifukoni. Nalisema hili mwanzo kabisa ili msomaji asikae akingoja sababu itakayokuja kunisafisha. Sababu nilikuwa nazo tele wakati ule, na nitazitaja, lakini hakuna hata moja ninayoweza kuisimamia leo.

Duka silitaji jina. Tajiri wake yu hai, na kosa ninaloliungama halikuwa amri yake. Aliponikabidhi funguo aliniambia neno moja tu, kwamba gharama zisipande. Utaratibu wa vijana wa mifuko niliukuta umeanza wenyewe, kwa kijana mmoja aliyekuwa akisaidia wateja kwa hiari yake. Mimi ndiye niliyeuwekea masharti.

Ulikuwa hivi. Kijana anakuja, mara nyingi analetwa na ndugu au jirani anayefanya kazi hapo, anasimama mwisho wa kaunta. Keshia akishapiga bei, yeye anapanga: vizito chini, mkate na nyanya juu, sabuni mbali na unga, samaki wa barafu peke yake. Kisha anabeba mpaka kwenye gari ya mteja. Akipewa kitu anashukuru, asipopewa anashukuru vile vile, anarudi mbio kwa sababu kaunta imeshajaa tena. Anaingia kabla duka halijafunguliwa, kwa kuwa kuna kufagia na kupanga rafu, na anatoka baada ya sala ya Isha, tukishafunga hesabu. Mkataba hana. Siku ya mapumziko anaiomba.

Kwa mteja mwenye gari, kazi ilikuwa ya hatua chache. Shida ilikuwa kwa wateja wa ndani ya Mji Mkongwe. Gari haiingii Kiponda wala Hurumzi, na viko vichochoro ambavyo pikipiki ikipita mtu anabana ukutani. Nyumba zina ghorofa mbili au tatu, ngazi zimesimama wima, giza mchana kweupe, na mteja daima anakaa juu. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huu katika urithi wa dunia kwa ajili ya hizo hizo nyumba na hivyo hivyo vichochoro, na wageni wanalipa kuongozwa humo mikono mitupu, wakisimama kupiga picha milango. Kijana wangu alipita humo humo na polo la mchele begani na dumu la mafuta mkononi, na mara nyingine mgeni alimwomba asimame kidogo apigwe picha na yeye.

Polo moja ni kilo 50. Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1967 kwamba mwanamume mtu mzima asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55, na vijana wabebeshwe pungufu mno kuliko hapo. Polo na dumu la lita 20 vikikutana vinapita kiwango hicho, tena kwa mtu mzima. Umri wa vijana wangu sikuuliza. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya mwaka 2011, na mimi nilikuwa mtu wa kusoma magazeti, niliijua kwa jina. Nadhani sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Mmoja wao alikuja wakati wa likizo, na skuli zilipofunguliwa akawa bado yupo kwenye kaunta yangu. Nilimuona, nikafurahi kwamba sitahitaji kumfundisha mwingine kupanga mifuko.

Mifuko nayo ina habari yake. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka mingi kabla ya Bara, ambako marufuku ilianza Juni 2019. Ni uamuzi mzuri, na aliyewahi kuona mitaro ya Darajani ilivyokuwa ikiziba nyakati za masika hatanibishia. Lakini uamuzi mzuri wa serikali dukani kwangu ulimwangukia aliye chini kabisa. Mifuko ya karatasi ilikuwa ghali, na ya kitambaa chepesi ghali zaidi. Nikatoa amri kwamba mteja apewe mfuko mmoja tu, na kisichoingia kitiwe kwenye boksi tupu la biskuti. Kuku wa barafu akiyeyuka, karatasi inalowa, kitako cha mfuko kinaachia, na kwa kawaida kinaachia kichochoroni, mbali na duka, mbele ya mteja. Trei ya mayai thelathini ikianguka kwenye ngazi haibakishi hata mawili.

Mayai hayo nilimkata kijana.

Nilimkataje mtu nisiyemlipa? Hapo ndipo kwenye kopo. Mwanzo kila kijana alitia mfukoni alichopewa. Wakawa wanagombana, mmoja anasema mwenzake amemwibia mteja wake. Mimi nikaleta kopo tupu la maziwa ya unga, nikalitoboa kifuniko, nikaliweka nyuma ya kaunta chini ya macho yangu, nikasema bakhshishi zote ziingie humo na usiku nitawagawia sawa kwa sawa. Kila mtu aliniona mwadilifu, na mimi mwenyewe nilijiona hivyo. Usiku nilimwaga kopo, nikahesabu, nikatoa kwanza bei ya kilichovunjika mchana, kisha nikagawa. Chupa ya sharubati ikipasuka mikononi mwa mmoja, wote walikatwa. Hasara ambayo duka lolote huiandika kwenye vitabu vyake kama hasara ya biashara, mimi niliilipia kwa fedha waliyopewa vijana na wateja kwa hisani.

Na kuna baya zaidi, ambalo kwa muda mrefu sikulisimulia hata nyumbani. Asubuhi keshia huwa hana chenji. Kila mwenye duka Unguja anajua taabu ya sarafu, ndiyo maana mteja hupewa peremende mahali pa shilingi mia. Kopo lilikuwa na sarafu. Nikawa nafungua, nachukua za elfu mbili, elfu tatu, nampa keshia, nikinuia kurudisha noti jioni. Jioni nyingine nilirudisha. Jioni nyingine duka limejaa, nimechoka, nimesahau, na siku ya pili nikikumbuka najiambia ni fedha ndogo. Vijana waliniona nikichukua. Hawakusema, maana aliyekuwa na ruhusa ya kuwafukuza ni mimi, na kumfukuza mtu asiye na mkataba hakuhitaji hata barua.

Kulikuwa na kigoda pia, mwisho wa kaunta. Vijana walikikalia kwa zamu pale wateja walipopungua, saa za mchana baada ya Adhuhuri. Siku moja nilimkuta mmoja amesinzia juu yake, nikakihamishia ghalani. Duka la kisasa, niliwaambia, mtu hasinzii mbele ya wateja. Keshia alikuwa na kiti chenye mgongo. Mimi nilikuwa na kiti cha kuzunguka.

Nilikuwa mtu wa daftari. Kila kilichotoka kiliandikwa: umeme wa tukuza, dizeli ya jenereta, karatasi za mashine ya risiti, sumu ya panya, hata dagaa wa paka aliyekuwa akilinda ghala. Paka alikuwa na mstari wake. Vijana wa mifuko hawakuwa nao, na kwa sababu hawakuwa nao nilijihesabia kwamba hawanigharimu, na kwamba siwadai wala hawanidai. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa hadithi ya kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, nami niliwahi kuikariri mbele ya watu. Nikajitolea fatwa mwenyewe kwamba hainihusu, kwa kuwa mimi sikumwajiri mtu.

Sababu yangu kubwa ilikuwa kwamba wanapata. Na kweli kuna siku walipata. Msimu wa wageni, kuanzia Juni mpaka Oktoba na tena Disemba, Mzungu mmoja alimwachia kijana elfu kumi kwa kubebewa maji ya chupa mpaka Shangani. Wenyeji wetu wanaorudi likizo kutoka Maskati na London nao hutoa, hasa mbele ya ndugu zao. Nikawa nazitaja siku hizo kila mtu akiuliza, kana kwamba mwaka mzima ni Agosti. Siku za masika, mvua inanyesha toka alfajiri, kopo lilitoa nauli ya daladala mpaka Fuoni na Kwarara na kidogo cha mkate. Kazi siku hizo haikupungua. Ilizidi, kwa sababu mteja hataki kulowa.

Kisha nikaanza kupata malalamiko. Bi mkubwa mmoja wa Mkunazini, mteja wetu tangu duka lina milango miwili, alisimama na kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai, vijana watatu wakimpita kumkimbilia mtalii aliyekuwa na toroli iliyojaa. Akaniita pembeni.

"Mwanangu," akasema, "hawa watoto wako wanatuchagua kama samaki Darajani."

Nilimwomba radhi, nikambebea mwenyewe, nikarudi nikawakemea vijana wale mpaka sauti ikanikauka. Nikawaambia hawana adabu, hawana malezi, wametupa Uzanzibari kwa ajili ya dola. Ilikuwa hotuba nzuri. Leo nikiikumbuka nasikia haya, maana adabu ile ningeweza kuinunua mimi kwa mshahara. Kijana anayejua kwamba mwisho wa mwezi kuna fedha yake atambeba bibi wa kilo mbili bila kutazama mlango nani anaingia. Kijana anayekula kutokana na kopo atatazama mlango. Bibi yule naye alikuwa akitoa, alitoa dua, na dua ile aliitoa kwa moyo, lakini huwezi kumpa kondakta wa Bububu.

Aprili 2020 Tanzania ikasitisha safari za ndege za abiria za kimataifa kwa sababu ya korona. Hoteli za Nungwi, Paje na Kiwengwa zikafunga, waliokuwa wakifanya kazi huko wakarudi majumbani, na mwishoni mwa mwezi ule ule Ramadhani ikaingia. Mtu angedhani duka letu lilidorora. Halikudorora. Watu walinunua mchele, unga, sukari, tambi na tende kwa wingi kuliko kawaida, kwa hofu, na wengi hawakutaka kukaa kwenye msongamano. Walipiga simu, wakataka wapelekewe. Vijana walishinda vichochoroni wakiwa na saumu, jua la mchana juu yao, wakipanda ngazi kwa watu waliofungua mlango kidogo, wakapokea mzigo kwa ncha za vidole, wakafunga. Barakoa niliwaambia wajinunulie. Keshia nilimpa ya duka.

Kopo likawa jepesi. Wageni hawapo, na mwenyeji aliyepoteza kazi ya hoteli hana cha kumpa mtu. Usiku mmoja, baada ya tarawehe, vijana walinijia wote. Aliyezungumza alikuwa mkubwa wao, kijana wa Jang'ombe, mpole, aliyekuwa akinisalimia "Shikamoo Ami" kila asubuhi hata siku niliyomkosea.

"Ami, tunakuomba utusaidie nauli tu. Mpaka ndege zirudi."

Nikamjibu kwa utulivu, tena nikihisi nina haki: "Nyinyi si wafanyakazi wangu. Mimi sikukuajirini."

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Basi Ami, jana mayai ulinikata kwa sababu gani?"

Sikuwa na jibu. Nilisema usiku umeingia, waende, tutazungumza. Hatukuzungumza. Yeye hakurudi baada ya Idi, na wawili wakaondoka naye. Kilichonifanya nisijali wakati ule ni kwamba wiki haikuisha, wengine walikuja kuomba nafasi. Unguja ile ya 2020 ilikuwa na vijana wengi wasio na kazi, na mimi nilikuwa na kaunta.

Baadaye, nilipoanza kusoma juu ya mambo haya kwa macho mengine, niligundua kwamba sikubuni kitu. Maduka ya vyakula ya kambi za jeshi la Marekani yamekuwa na wafungashaji wanaoishi kwa bakhshishi peke yake. Meksiko, maduka makubwa kabisa yalikuwa na wazee waliostaafu wakifungasha bila mshahara, na korona ilipoingia wakaambiwa wakae nyumbani, bila chochote, maana kwenye vitabu vya duka hawakuwapo. Niliposoma hilo nilisikia afueni kidogo, kwamba hata wenye fedha nyingi wamefanya nilichofanya. Afueni hiyo nayo naiungama.

Mzanzibari ana sababu ndogo kuliko wote ya kutolijua jambo hili la mchukuzi kupunjwa ujira wake. Agosti 1948 wachukuzi wa bandari ya Unguja, vibarua wa African Wharfage Company, waliacha kazi kwa sababu ya ujira na maisha kupanda. Mgomo ukatoka bandarini, ukaingia mjini, ukawa wa watu wa kila kazi. Mwaka mmoja kabla, Mombasa na Dar es Salaam nako mizigo ilikuwa imelala gatini kwa sababu hizo hizo. Wazee wa mtaani kwetu walikuwa wakiuhadithia mgomo ule, nami nilikuwa nikijivunia nao. Lakini hamali wa 1948 alimjua wa kumgomea; kampuni ilikuwa na jina, ofisi na mlipaji. Kijana wa kopo amgomee nani? Mlipaji wake ni kila mteja, anabadilika kila dakika tano, na akikataa kubeba anayeumia ni yeye na yule bibi wa Mkunazini. Mimi niliyefaidika nilikuwa nimeketi pembeni kwenye kiti cha kuzunguka, sidaiwi. Sikuupanga utaratibu ule kwa hila hiyo, lakini hila ilikuwamo, na iliniletea faida mwezi hadi mwezi.

Na kilichopotea si fedha ya siku tu. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, upo tangu 1998. Mwajiri anachangia na mfanyakazi anachangia. Kijana asiyeandikwa popote hachangiwi na mtu. Kuanzia 2016 serikali huwapa pensheni wazee wote waliofika miaka 70, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na ni jambo la kheri. Ila hamali mzee anayeishi kwa pensheni hiyo peke yake, miaka aliyobeba mizigo ya watu haimo ndani yake hata kidogo.

Mwaka uliofuata ule wa 2020, wageni walipokuwa wameanza kurejea, nilipiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga tangu siku ya kwanza: vijana wote wa mifuko wakilipwa mshahara halali, duka litatoa kiasi gani. Jumla ilikuwa chini ya dizeli ya jenereta. Nikampelekea tajiri, nimejiandaa kwa mabishano, nimeshapanga na maneno ya kumlainisha. Alivaa miwani, akasoma, akauliza swali moja.

"Kwa nini hukuniambia zamani?"

Nilikuwa nimeishi miaka yote ile nikiamini kwamba namlinda yeye dhidi ya gharama, au yeye ndiye anayenizuia. Hakuna aliyenizuia. Sikuwahi kuomba. Mwezi uliofuata vijana waliokuwapo waliingia daftarini, wakapata mikataba, kigoda kikatoka ghalani na kopo likabaki kuwa lao wenyewe. Nasema "waliokuwapo". Wale wa Ramadhani ile hawakuwapo tena.

Mkubwa wao nilimkuta miezi mingi baadaye kwenye kituo cha bodaboda karibu na Mwanakwerekwe. Nilimwomba radhi hapo hapo, watu wakisikia. Akasema, "Yameshapita, Ami," akaniuliza naenda wapi, akanitajia nauli ya mgeni. Nikailipa. Wale wawili wengine sijui waliko, na fedha niliyowakata, pamoja na sarafu nilizochukua kwenye kopo, haijamrudia yeyote mpaka leo ninapoandika. Nimeiweka pembeni kwa kukisia, kwa sababu daftari langu halikuandika.

Wenye maduka wenzangu, kuanzia Darajani hadi Fumba: kama mwisho wa kaunta yako amesimama kijana anayepakia, na jina lake halimo kwenye orodha ya mishahara, liandike mwezi huu. Mpe mkataba, mpe kiti, vinavyovunjika viandike kwenye hasara ya duka, na bakhshishi iwe yake yote. Nawe mteja, ukishampa chochote ulichonacho, mgeukie msimamizi umuulize kijana huyu analipwa na nani. Mimi sikuwahi kuulizwa na mteja hata mmoja.